Kila Jambo na Saa Yake



Kijana mmoja wa Kidato cha Nne hapa Kasekese alinijia baada ya sala ya Isha, naye ana huzuni. Anasoma fizikia, kemia na baiolojia. Tena amechaguliwa kuchezea timu ya shule. Baba yake amemwamuru auache mpira, na wenzake wamemsihi asiwaangushe. Akaniuliza, "Sheikh, nishike lipi?"

Suala hilo si dogo. Mtihani wa mwisho waweza kumfungulia mlango wa udaktari au kumfungia, na wazee wake wameuza mahindi ili asome. Walakini yafaa tufahamu kwamba dini haikuudharau mwili. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Salman r.a. alimkuta Abu Dardaa r.a. akijitaabisha kwa saumu na sala za usiku hata akamsahau mkewe na kuisahau nafsi yake. Salman akamkumbusha kuwa Mola wake, nafsi yake na jamaa zake, wote wana haki juu yake. Mtume Mtukufu s.a.w. alipopata habari, akasema kuwa Salman amesema kweli.

Basi, ikiwa hata ibada ya hiari imewekewa kipimo, je, mpira usiwekewe?

Na kipimo tunacho tayari, maana sala tano zimetugawia siku. Baada ya Alfajiri akili imetulia. Hiyo ni saa ya hesabu na kanuni za fizikia. Baada ya Alasiri ni saa ya kiwanja. Adhana ya Magharibi ikisikika, mchezo umekwisha, hata kama timu iko nyuma kwa bao moja. Baada ya Isha ni daftari, kisha usingizi. Akeshaye kwa masimulizi ya mechi ameiibia Alfajiri yake.

Tazameni mfano wa Roger Bannister wa Uingereza. Alikuwa akisomea udaktari katika Hospitali ya St Mary's, London, na mazoezi akayafanya katika mapumziko ya mchana. Tarehe 6 Mei 1954 asubuhi alikuwa hospitalini. Jioni, huko Oxford, akawa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 4. Mwaka huo huo akaacha mashindano, akashika udaktari, akawa bingwa wa maradhi ya mishipa ya fahamu. Alijua saa ya kukimbia, akajua na saa ya kuacha.

Kwa hiyo nilimwambia kijana: "Mwanangu, nenda kwa baba yako kwa adabu, umwombe mwezi mmoja wa majaribio. Alama zako zikishuka, irudishe jezi wewe mwenyewe kabla hujaambiwa."

Nanyi wazazi, msiuone kuwa adui mchezo wenye mpaka. Nanyi walimu wa michezo, msimtoe mtoto darasani kwa ajili ya kombe.

Mwenyezi Mungu awajalie vijana wetu elimu yenye manufaa na miili yenye afya, na atufundishe sote kuuheshimu wakati. Amin.