Fungua Ripoti Yenyewe

Mwaka 1998 kundi la wanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, liliichambua kampuni ya nishati ya Enron kama kazi ya darasani. Wakati huo Enron ilikuwa kipenzi cha Wall Street. Wanafunzi wakachukua hesabu ambazo kampuni yenyewe ilikuwa imezitangaza, wakazipitisha kwenye kanuni ya Profesa Messod Beneish ya kupima kama hesabu zina dalili za kupikwa, kisha wakaandika ushauri wao: uza hisa hizi. Tarehe 2 Desemba 2001 Enron iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na akiba za uzeeni za maelfu ya wafanyakazi wake zikayeyuka.

Wanafunzi wale hawakuwa na mtu wa ndani wa kuwanong'oneza. Walikuwa na nyaraka ambazo mtu yeyote angeweza kuzipata, na subira ya kuzisoma. Sitaki upite hapo haraka, wewe mwenye hisa mia mbili za benki pale Soko la Hisa la Dar es Salaam, wewe unayenunua hisa za Marekani kwa simu kila mshahara ukiingia, nanyi wa chama mnaochanga kila mwezi mkitafuta pa kuweka pesa. Walichokitumia wanafunzi wale kiko wazi kwako leo. Umekaa nacho mfukoni, ndani ya simu hiyo hiyo unayosomea habari za mpira.

Kumbuka mwaka 2008, Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, ilipouziwa umma hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 za Kenya kila moja. Watu walipanga foleni kwenye mabenki, wengine wakakopa ili wasikose. Waraka wa matarajio ulikuwepo, mnene, umejaa majibu. Wangapi waliufungua? Mwaka uliofuata hisa ile ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 3, na wengi walionunua kwa shangwe wakauza kwa hofu. Walioijua kampuni walivumilia, na baadaye hisa hiyo ikapanda mara nyingi ya bei waliyonunulia. Kilichowatenganisha na wenzao ni kwamba wao walijua walichokishika.

Basi tuje kwenye swali ambalo huwakwamisha wengi: nitumie chombo gani kuzisoma hizi taarifa za kampuni? Kuna programu za kila rangi, za bure na za kulipia, na kila moja inajinadi kwa michoro mizuri. Mimi nina kipimo kimoja, na nakuomba ukishike kwa nguvu: kila tarakimu utakayoonyeshwa, je, chombo hicho kinaweza kukufikisha kwa bofyo moja kwenye ukurasa wa ripoti ilikotoka? Kama hakiwezi, unasoma maneno ya mtu mwingine kuhusu kampuni yako. Kama kinaweza, uko mezani pamoja na wakubwa.

Kwa kampuni zinazouzwa Marekani, chombo cha kuanzia hakilipiwi hata senti. Kinaitwa EDGAR, na ni hazina ya mtandaoni ya SEC, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji ya nchi hiyo. Historia yake yenyewe inatia moyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyaraka hizi zilikuwa zinauzwa na makampuni ya kibiashara kwa bei ambayo mtu wa kawaida hakuiweza. Mwanaharakati mmoja, Carl Malamud, alianza kuziweka kwenye intaneti bure mwaka 1993, akaendelea mpaka wananchi wakazizoea, kisha mwaka 1995 akatangaza kwamba anaacha na kwamba ni zamu ya serikali. Watu wakapaza sauti, na SEC ikaichukua kazi hiyo. Kufikia Mei 1996 kampuni zote za umma za Marekani zililazimika kuwasilisha taarifa zao kupitia EDGAR. Mlango huu ulifunguliwa na mtu aliyeamini kwamba wewe na mimi tungependa kuingia.

Ingia, basi. Andika jina la kampuni. Utaona majina ya fomu yanayotisha kidogo mara ya kwanza, na ukishayajua manne umepata karibu yote unayohitaji. 10-K ni ripoti ya mwaka. 10-Q ni ya robo mwaka. 8-K ni tangazo la jambo zito, kama mkurugenzi kuondoka au mkataba mkubwa kusainiwa, na kwa kawaida sheria inaipa kampuni siku 4 za kazi tu kulitoa. Fomu ya 4 inaonyesha wakubwa wa ndani wanaponunua au kuuza hisa zao wenyewe, ndani ya siku 2 za kazi. Kampuni nyingi za nje ya Marekani hutumia 20-F badala ya 10-K. Ndiyo fomu ya Jumia, duka la mtandaoni lililoingia soko la New York Aprili 2019, ambako watu wa Nairobi na Kampala wameagiza simu na viatu.

Kuna sehemu ya EDGAR ambayo wengi hawaijui nayo ndiyo naipenda kuliko zote: utafutaji wa neno ndani ya nyaraka zote kuanzia mwaka 2001. Andika jina la mgodi, "North Mara", kati ya alama za kunukuu. Zitakuja nyaraka za Barrick, kampuni ya Kanada inayochimba dhahabu huko Tarime na Bulyanhulu, ambayo hisa zake zinauzwa New York pia na ripoti yake ya mwaka huingia kwa fomu ya 40-F. Humo utakuta uzalishaji wa mgodi, gharama ya kila wakia, kodi, na habari za Twiga, kampuni ya ubia ambamo serikali ya Tanzania ina asilimia 16. Mtanzania anayebishana kijiweni kuhusu dhahabu yetu anaweza, kabla kahawa haijapoa, kufungua maelezo ambayo Barrick imeyatoa kwa mamlaka za nje zenye meno ya kuiadhibu ikidanganya. Huo ni uwezo mkubwa. Utumie.

Sasa niingie ndani zaidi, maana hapa ndipo chombo kizuri na kibovu huachana. Uzito wa ripoti hukaa nyuma, kwenye maelezo ya hesabu. Picha za mwanzoni na barua ya mwenyekiti zinaweza kukufurahisha, lakini ukweli mgumu huandikwa kwa herufi ndogo. Mwaka 2000 mwekezaji Jim Chanos aliisoma 10-K ya Enron na akakwama kwenye aya fupi kuhusu miamala na wahusika wa karibu: kampuni ilikuwa inafanya biashara na ubia uliokuwa ukiendeshwa na afisa mwandamizi wa Enron hiyo hiyo. Alisoma, akarudia, hakuelewa. Akachukulia kwamba kutoelewa kwake ni ishara ya hatari, na Novemba mwaka huo akaanza kuweka pesa yake upande wa hisa ile kushuka. Aya ile ilikuwa mbele ya kila mtu. Programu inayokupa faida, mapato na bei ya hisa peke yake ingekufichia aya ile kabisa. Kwa hiyo ukijaribu chombo chochote, anza kwa kutafuta maelezo kuhusu miamala na wahusika wa karibu. Ukiyakosa, achana nacho.

Jambo la pili ni kulinganisha miaka. Watafiti watatu, Lauren Cohen, Christopher Malloy na Quoc Nguyen, walizipitia ripoti za kampuni za Marekani za miaka mingi, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2020. Waligundua kwamba kampuni nyingi hunakili maneno ya mwaka jana karibu yalivyo, na zile zinazobadilisha maneno sana, hasa kwenye sehemu ya vihatarishi, hisa zao huelekea kufanya vibaya miezi inayofuata. Siku ripoti inapotoka soko halishtuki, kwa sababu wachache sana wamesoma. Umeona nafasi iliyoachwa wazi hapo? Huduma kadhaa za kulipia huweka ripoti mbili ubavuni kwa ubavu na kupaka rangi kilichoongezwa na kilichofutwa. Kama huna pesa hiyo, pakua zote mbili, zilinganishe kwa programu ya kuandikia iliyomo kwenye kompyuta yako. Itakula jioni yako moja. Jioni hiyo ina thamani.

Nyumbani kwetu kazi ni ngumu zaidi kidogo, na nasema hivyo ili usikate tamaa mapema. Nairobi na Dar es Salaam hatujapata hazina moja yenye utafutaji kama ule wa EDGAR. Utaanzia kwenye tovuti ya soko la hisa, uende ya kampuni, ukurasa wa wawekezaji, na AfricanFinancials, ambako ripoti za mwaka za kampuni za Afrika zimekusanywa pamoja. Kenya sheria inakupa silaha moja nzuri: kampuni ikiona faida yake itashuka kwa asilimia 25 au zaidi kuliko mwaka uliotangulia, lazima itoe tahadhari kwa umma. Fuatilia tahadhari hizo. Na kila ripoti utakayoipakua, iweke kwenye folda yenye jina la kampuni na mwaka, ndani ya simu au kompyuta ya chama. Kampuni zikibadilisha tovuti, ripoti za zamani hupotea. Baada ya miaka mitano mtakuwa na maktaba ambayo hata baadhi ya madalali hawana.

Kuhusu programu za akili bandia zinazokufupishia ripoti ya kurasa mia tatu kwa dakika moja, zitumie kama msaidizi wa kukuonyesha pa kuanzia. Ziulize: hili liko ukurasa gani? Kisha nenda ukurasa huo kwa macho yako. Zina tabia ya kutoa tarakimu isiyokuwepo kwa sauti ya mtu mwenye hakika, na pesa itakayopotea haitakuwa yao. Na zile mashine za wataalamu kama Bloomberg, zinazogharimu zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka, zina kasi na upana ambao wafanyabiashara wakubwa wanauhitaji. Wewe unayemiliki hisa za kampuni sita unahitaji kuzijua kampuni sita.

Usingoje kujua yote ndipo uanze. Mwalimu wa msingi anaweza kusoma taarifa ya mtiririko wa fedha. Fundi cherehani anayejua tofauti ya mauzo na pesa iliyomo mkononi anaijua tayari nusu ya somo, maana ndiyo tofauti inayoziangusha kampuni nyingi: faida kwenye karatasi, hazina tupu. Gawaneni kazi kwenye chama. Dada wa hesabu achukue madeni. Kaka mwenye kujua sheria achukue kesi zilizoko mahakamani. Mzee mwenye jicho la mashaka apewe maoni ya mkaguzi, na akikuta mkaguzi ameweka angalizo lolote, asome kwa sauti mbele ya wote kabla hata shilingi moja haijatoka.

Na mkishafanya hivyo, nendeni kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Hisa yako moja inakupa haki ya kuuliza, iwe ukumbini au kwa ujumbe wa mtandaoni. Wengi huenda kwa ajili ya fulana na mwavuli. Wewe nenda na ripoti iliyopigiwa mstari, subiri kipindi cha maswali, nyosha mkono, useme: "Mheshimiwa Mwenyekiti, ukurasa wa 142, maelezo namba 31. Mkopo huu uliotolewa kwa kampuni ya mkurugenzi ulikuwa wa riba gani, na umelipwa kiasi gani hadi leo?"