Dawa ya Kuazima

Wahenga walinena: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Huko Uwanda wa Juu wa Makonde, msemo huo una uzito wake. Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa uwanda, ukilitazama bonde la Ruvuma. Masasi iko chini, upande wa magharibi, kati ya vilima vya mawe. Mjamzito anayeshikwa na uchungu katika mwezi wa saba, akiwa kijijini mbali na hospitali, huhitaji muda kuliko kitu kingine chochote: muda wa kusafirishwa, na muda wa sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto ifanye kazi.

Hapo ndipo tabibu huazima dawa. Nifedipini ni dawa ya moyo na shinikizo la damu, lakini hulegeza pia misuli ya mji wa mimba. Terbutalini ni dawa ya pumu. Je, ni haki kumpa mama dawa iliyoidhinishwa kwa maradhi mengine?

Historia haitoi jibu jepesi. Mwaka 1947 Marekani iliidhinisha diethylstilbestrol itumike kuzuia mimba zisiharibike. Mwaka 1971 ikabainika kuwa baadhi ya mabinti waliozaliwa na mama hao walipata saratani adimu ya uke. Idhini ilikuwapo, usalama haukuwapo. Terbutalini haikuwa na idhini ya kuzuia uchungu, ikatumika miaka mingi. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaonya kwamba vidonge vyake visitumike kamwe kwa kazi hiyo, wala sindano zake zisiendelezwe kupita saa 48 hadi 72, kwani moyo wa mama waweza kudhurika hadi kifo. Kwa upande wa pili, Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2015 halikupendekeza dawa za kuzuia uchungu, liliikubali nifedipini mwaka 2022, kwa masharti. Kidonge hakikubadilika, kilichobadilika ni ujuzi wa wanadamu.

Kwa hiyo kosa halimo katika kuazima. Lakini muungwana anapoazima husema anaazima nini na kwa kazi gani. Wapo wasemao kwamba mama mwenye uchungu asielezwe, atatishika. Hoja hiyo huwadharau wanawake wa Newala, ambao kwa vizazi waliteka maji bondeni na kuyapandisha kichwani, wakipima kila safari kwa nguvu na saa zao. Hesabu wanaijua.

Tena kunyamaza kuna hatari yake. Mama asiyeelezwa, maumivu yakitulia, hudhani amepona, akabaki nyumbani. Aliyeambiwa kwamba amepewa siku mbili tatu tu huwahimiza ndugu watafute gari usiku uleule. Dawa ni ileile. Neno likikosekana, hugeuka mtego.