Ujira wa Mwanagenzi

Katika nchi ya Waigbo, kusini-mashariki ya Nigeria, kijana hukabidhiwa mfanya biashara amfundishe kazi. Desturi hiyo huitwa igba boi. Hukaa kwa bwana wake miaka 5 hata 8, akifagia duka, akibeba bidhaa, akijifunza bei na jinsi ya kupatana na wanunuzi. Hapokei mshahara. Muda utimiapo, bwana humpa mtaji afungue duka lake. Naye huwafundisha wengine. Vita vya Biafra vilipokwisha mwaka 1970, hata waliokuwa na fedha nyingi benki walipewa paundi 20 tu. Kwa desturi hii wengi waliinuka tena.

Lakini wako mabwana ambao, siku ya kutoa mtaji ikikaribia, humsingizia kijana wizi, wamfukuze. Je, mwizi ni nani hapo? Kumbukumbu la Torati, mlango wa 15, laagiza kwamba mtumwa aliyetumika miaka 6 asitoke pasipo kitu, bali apewe katika kundi, nafaka na divai. Basi, wewe uliye na mwanagenzi wa cherehani au useremala, ihesabu miaka yake mbele za Mungu, ukampe haki yake.