Nguvu na Dhamana ya Ajuaye

Wapo watu wasemao kuwa kisu hakina hatia. Hatia ni ya mkono ukishikao. Neno hili ni la kweli, walakini si kweli yote, kwa maana aliyekinoa kisu naye ana mkono.

Nguvu zimo katika vitu vingi vya kila siku. Ratili moja ya sukari ina nguvu zikaribiazo mara nne ya zile za ratili moja ya baruti iitwayo TNT, na petroli huizidi baruti hiyo yapata mara kumi. Mbona basi sukari hutiwa katika chai, na baruti huvunja majabali? Tofauti yao ni mwendo. Mwili huiunguza sukari polepole kwa hewa uivutayo. Baruti hutoa nguvu zake zote kwa kufumba na kufumbua. Tarehe 11 Septemba 2001, wauaji walioteka ndege nchini Marekani hawakuhitaji bomu. Mafuta ya ndege zenyewe yaliwasha moto uliodhoofisha nguzo za majumba mawili marefu ya New York mpaka yakaanguka.

Kiini cha atomi nacho hufuata kanuni hiyo ya mwendo, ila nguvu zake ni nyingi mno. Mwaka 1938, mjini Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann waliona dalili za kupasuka kwa kiini cha urani. Lise Meitner na mtoto wa dada yake, Otto Frisch, wakaeleza maana yake. Kila kiini kipasukacho hutoa chembe ziwezazo kupasua viini vingine. Katika mtambo wa umeme mpasuko huo huzuiwa usipite kipimo. Katika bomu huachwa uongezeke ghafula. Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilikuwa na urani ya kilo 64 hivi. Iliyopasuka haikufika kilo moja, na mji uliteketea.

Basi dhamana ni ya nani? Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani katika kazi ile ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Wachimbaji walitoa jasho, na siri ya kazi haikuwafikia. Asiyeambiwa hawezi kulaumiwa. Lakini Joseph Rotblat alijua. Mtaalamu huyu, mzaliwa wa Warsaw, aliingia Los Alamos mwaka 1944 kwa hofu kwamba Hitler angetangulia kupata bomu. Mwishoni mwa mwaka ule, alipotambua kuwa Wajerumani wameiacha kazi hiyo, naye aliiacha, akarudi Uingereza. Wenzake walibaki, na hoja zao hazikuwa za kipuuzi: vita vilikuwa havijaisha, na watu walikuwa wakifa kila siku. Walakini sababu iliyomwingiza Rotblat ilikuwa imekwisha, naye hakujitafutia nyingine.

Kuondoka kwake hakukulizuia bomu. Hata hivyo hapana haki ya kusema kuwa kulikuwa bure, kwa maana mtu haulizwi kama aliuokoa ulimwengu, bali huulizwa mkono wake ulifanya nini. Maarifa yakishajulikana hayarudi yalikotoka. Lililobaki kwa ajuaye ni kujiuliza kila asubuhi kama sababu ya jana ingaliko leo.