Jina la Mwalimu Lililogeuzwa Tusi

Waingereza wana neno la kumtukania mtu mzito wa kujifunza: 'dunce'. Maana yake ni mjinga, kichwa kigumu. Zamani walimu wengine walimvika mtoto wa namna hiyo kofia ndefu ya karatasi, wakamsimamisha pembeni achekwe na wenzake. Lakini tuulize, ndugu wasomaji: neno hili latoka wapi?

Latoka kwa mtu mwenye akili nyingi sana. Yohana Duns Scotus, mtawa wa Mtakatifu Fransisko, alizaliwa karibu na mwaka 1266 katika nchi ya Uskoti. Alifundisha Oxford na Paris, akafa Ujerumani mwaka 1308. Ndiye aliyetetea kwamba Bikira Maria alikingiwa dhambi ya asili, akionyesha kwamba kumkinga mtu asianguke ni wokovu mkubwa kuliko kumwinua akiisha kuanguka. Mwaka 1854 Papa Pio IX alitangaza fundisho hilo kuwa la imani.

Basi ilikuwaje? Katika karne ya 16 wafuasi wake walishindana na watu wa elimu mpya, nao wakaanza kuwacheka kwa jina la mwalimu wao. Kwanza neno lilikuwa na maana ya mbishi wa mambo madogo madogo. Mwisho likawa mjinga tu. Labda wafuasi wengine walikuwa wakaidi kweli. Lakini mwalimu aliyekufa zamani vile ana kosa gani?

Hata waandishi wakubwa walishika silaha hiyo. Mshairi Alexander Pope, naye mkatoliki, alitoa mwaka 1728 utenzi wa dhihaka uitwao The Dunciad. Mkubwa wa wajinga ndani yake alikuwa Lewis Theobald, ambaye mwaka 1726 alikuwa ameonyesha makosa ya Pope katika kusahihisha maandiko ya Shakespeare. Utenzi ule wasifiwa hata leo kwa ufundi wake. Lakini wenye elimu wa baadaye walikubali masahihisho mengi ya Theobald. Tusi halikuwa jibu.

Sisi tunaofundisha dini twakijua kishawishi hicho. Mtoto akiuliza jambo tusiloweza kulieleza, ulimi hukimbilia kusema: «Kaa chini, mjinga we!» Darasa lacheka, nasi twaponea hapo. Lakini swali lake limebaki, na yeye hatauliza tena. Ndiyo maana Bwana wetu Yezu, alipofundisha juu ya amri ya kutoua, alitaja pia kumwita ndugu mpumbavu. Kuna kitu ndani ya mtoto yule ambacho tumekiua.

Mwaka 1993 Papa Yohana Paulo II alithibitisha heshima ya Duns Scotus kama Mwenye Heri. Hata hivyo Kiingereza chaendelea kutukana kwa jina lake. Neno likiisha kutoka, nani ataliita lirudi? Tukumbuke fundisho lake mwenyewe: kukinga ni bora kuliko kuinua. Tuukinge ulimi.