Kelele za Ukumbi si Ridhaa ya Watu

  



Msimu wa uchaguzi umefika chuoni. Mabango yameshabandikwa, na wanaogombea wanatusalimia kwa majina ambayo mwezi uliopita hawakuyajua. Katika toleo hili nataka nizungumze na wenzangu wa uzamili na uzamivu, sisi ambao chama chetu ni kidogo, mikutano yetu haijai, na viongozi wetu mara nyingi huchaguliwa na wachache waliopata nafasi ya kufika. Swali langu ni moja tu: mtu akisimama mbele ya wakuu wa chuo akasema "wanafunzi wamekubali", amejuaje?

Swali hili si geni katika dini yetu. Lilitokea mwaka wa 8 Hijria, baada ya vita vya Hunayn. Kabila la Hawazin lilikuwa limeshindwa, na mateka wao walikuwa mikononi mwa Waislamu. Mtume (s.a.w.) akawasubiri zaidi ya siku kumi, huenda wakaja. Walipokuja wakiwa wamesilimu, wakaomba warudishiwe mali na watu wao. Akawaambia wachague kimoja, nao wakachagua watu wao.

Mtume (s.a.w.) akasimama mbele ya Waislamu. Akamhimidi Mwenyezi Mungu, akawaeleza kuwa ndugu zao wamekuja wakitubu, na kwamba yeye anaona mateka warudishwe. Hakulazimisha. Aliyetaka kumwachia mateka wake kwa hiari, na afanye hivyo. Aliyetaka kushikilia haki yake mpaka alipwe kutoka katika ngawira ya kwanza itakayopatikana, naye ana ruhusa hiyo. Watu wakajibu kwa sauti moja kwamba wameridhia.

Hebu tusimame hapo. Jeshi zima limeitikia. Aliyeuliza ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, na jambo lenyewe ni la huruma. Lau ingekuwa mkutano wetu mkuu, katibu angeshaandika "wajumbe wote wameafiki" na ajenda inayofuata ingeanza. Lakini Mtume (s.a.w.) hakuipokea sauti ile. Aliwaambia kwamba kwa namna ile haiwezekani kumjua aliyeridhia na ambaye hakuridhia, basi warudi makwao, na urafaa wao ndio wamletee jawabu. Watu wakarudi. Urafaa wakazungumza nao, kisha wakaja kumweleza kuwa watu wameridhia kweli. Hadithi hii ameipokea Imam Bukhari katika Sahihi yake, na katika kitabu cha hukumu ameiwekea mlango unaohusu hao urafaa wa watu.

Arifu ni nani? Neno hili linatokana na shina lile lile lililotupatia maneno yetu "maarifa", "taarifa" na "kuarifu". Arifu ni mtu anayewajua watu wake, anayepeleka habari zao juu na kuwarudishia habari za juu. Kazi yake ina njia mbili. Anayeijua njia ya kwenda ofisini kwa mkuu wa kitivo peke yake, na hajui njia ya kurudi kwa aliyemtuma, huyo bado hajawa arifu.

Wanachuoni wa sira wametuhifadhia tukio jingine la siku ile ile. Al-Abbas bin Mirdas alisimama akatangaza kuwa yeye na kabila lake la Banu Sulaym hawatoi. Banu Sulaym wakampinga pale pale, wakasema kilicho chao wamemwachia Mtume (s.a.w.). Huyu alikuwa mkubwa wa watu wake, lakini alisema lisilokuwa moyoni mwao kwa sababu hakuwauliza. Bahati nzuri walikuwepo, wakasikia. Je, sisi ambao wawakilishi wetu wanazungumza nyuma ya milango iliyofungwa, tutawapinga saa ngapi?

Na kabla ya hapo, usiku wa bai'a ya pili ya Aqaba, Mtume (s.a.w.) aliwataka watu wa Yathrib wamtolee kutoka miongoni mwao wasimamizi 12. Wakatoa 9 wa Khazraj na 3 wa Aws. Hakuwapangia yeye. Waliwachagua wenyewe, na makabila yote mawili yakawa na watu wake, kubwa na dogo.

Sasa turudi kwetu. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hupatikana kirahisi: yuko bwenini, yuko katika foleni ya chakula, yuko uwanjani. Sisi tumetawanyika. Mmoja yuko maabara mpaka usiku. Mwingine ni mwalimu wa sekondari anayekuja kwa basi kutoka Arua mwisho wa wiki. Mwingine ana mtoto mchanga. Mwingine amemaliza masomo ya darasani na sasa yuko peke yake na tasnifu yake, akimsubiri msimamizi ambaye miezi imepita hajarudisha sura ya pili. Huyu wa mwisho ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya mtu wa kumsemea, na ndiye ambaye hatafika mkutanoni. Akidi ikitimia bila yeye, katiba imefuatwa. Amana je, imetimizwa?

Sheria za nchi zimetufungulia mlango. Hapa Uganda, sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001 imewapa wanafunzi nafasi katika Baraza la chuo. Kwa majirani zetu Kenya, marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Vyuo Vikuu yameweka utaratibu ambao wanafunzi huchagua wawakilishi wao kwanza, na wawakilishi hao ndio huchagua viongozi wa baraza. Muhula ni mwaka mmoja, na kiongozi anaweza kuongeza mmoja tu. Ni taratibu zenye maana. Lakini sheria inaweza kumpa mtu kiti, haiwezi kumpa simu ya kumpigia mwenzake saa tatu usiku na kumuuliza hali yake. Hilo linatoka kwenye taqwa.

Nitatoa mfano niliouona. Katika chuo kimoja nilichosoma, uongozi ulitaka vipindi vya uzamili vya Jumamosi vihamishiwe Ijumaa mchana. Suala likaletwa kwenye mkutano wa chama, watu wachache wakiwa ukumbini na wengi wao wakiwa na haraka. Likapita kwa "Ndiyo!" iliyosikika mpaka nje. Barua ikaandikwa kuwa wanafunzi wameafiki.

Mwakilishi wa darasa letu, kijana mpole ambaye hakuwa na kiti chochote kikubwa, hakuridhika. Alichukua daftari lenye orodha ya darasa, akaanza kupiga simu. Nilikuwa mmoja wa waliopigiwa. Aliniuliza mambo matatu: Unakubali? Kama hukubali, ni kwa nini? Na ni kitu gani uko tayari kukiacha ili mwenzako apate nafuu?

Majibu aliyoyakusanya hayakuwa yale ya ukumbini. Waislamu tulisema kipindi kitagongana na swala ya Ijumaa. Walimu wa mikoani walisema Ijumaa mchana wao bado wako darasani wakifundisha. Lakini wenzetu Wasabato walisema kwamba Jumamosi kwao ni siku ya ibada, na kwa muda mrefu walikuwa wanakosa vipindi kimyakimya. Hakuna aliyewahi kuwauliza, na sisi Waislamu tuliokuwa tunalalamikia Ijumaa yetu hatukuwa tumeifikiria Jumamosi yao.

Kijana yule alipeleka daftari lake kwa mkuu wa kitivo. Ilichukua muda, lakini mwisho darasa liligawanywa makundi mawili: kundi moja Ijumaa, kuanzia saa tisa alasiri na kumalizika kabla ya magharibi, na jingine likabaki Jumamosi. Si kila mtu alipata alichotaka. Wapo walioachana na marafiki waliozoea kusoma nao. Lakini kila mmoja alijua kwamba ameulizwa, na jambo hilo lina uzito wake moyoni.

Msiseme hili ni dogo. Suala la vipindi na mitihani ya Jumamosi liliwahi kuwapeleka wanafunzi Wasabato wa Makerere mahakamani, likafika hadi Mahakama ya Juu ya Uganda, na mwaka 2006 wakashindwa. Jambo linapofika huko, mmoja hutoka ameshinda na mwingine ameshindwa. Mezani, kabla halijakomaa, bado kuna nafasi ya kila mtu kuacha kidogo. Na Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Maida aya ya 8 kwamba chuki yetu kwa watu isitupeleke kuacha uadilifu. Ikiwa uadilifu ni wajibu hata kwa tunaochukiana nao, vipi kwa mwenzako unayesoma naye dawati moja? Mwislamu aliyechaguliwa na darasa zima ni arifu wa darasa zima.

Wengine watasema: shura inachelewesha mambo, na wengi wanaweza kukosea. Ni kweli wanaweza. Kabla ya Uhud, Mtume (s.a.w.) alishauriana na maswahaba, na wengi wakataka kutoka nje ya Madina. Yaliyotokea Uhud tunayajua. Lakini tazameni Suratu Aali Imran aya ya 159, iliyoteremka baada ya maumivu yale. Hakuambiwa aache kuwashauri. Aliamrishwa awasamehe, awaombee maghufira, na aendelee kushauriana nao katika mambo. Na katika Suratu Shuura aya ya 38, kushauriana kumetajwa katikati ya swala na kutoa. Kwa hiyo tusiichukulie shura kama mapambo ya katiba.

Ndugu yangu unayegombea, mkumbuke Abu Dharr (r.a.), mmoja wa wakweli wa umma huu. Alipoomba apewe uongozi, Mtume (s.a.w.) alimgusa begani akamweleza kuwa yeye ni dhaifu, na kwamba uongozi ni amana, na Siku ya Kiyama ni hizaya na majuto, isipokuwa kwa aliyeuchukua kwa haki yake na akatekeleza yanayompasa. Ucha Mungu wa Abu Dharr haukuwa na shaka, na bado aliambiwa hivyo. Basi kabla hujachapisha bango, jiulize kama una muda, subira na daftari.

Na ukishapata kiti, jihadhari na fedha na zawadi. Mtume (s.a.w.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akasema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa mimi. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akauliza kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama angeletewa zawadi. Kiongozi wa wanafunzi akipewa safari, posho au upendeleo na ofisi anayopaswa kuihoji, ajiulize swali hilo hilo: ningekuwa sina kiti hiki, ningeletewa?

Nanyi mnaopiga kura, amana ni yetu pia. Abu Bakr (r.a.) aliposhika ukhalifa aliwaambia watu wamsaidie akifanya vyema na wamnyooshe akipotoka. Huwezi kumnyoosha mtu usiyejua anafanya nini. Someni kumbukumbu za vikao. Ombeni hesabu za chama. Mkipigiwa simu na mwakilishi, pokeeni na mseme ukweli, msimwambie "sawa tu" halafu mkalalamike kantini.

Nawausia mambo mawili ambayo hayahitaji kubadilisha katiba. La kwanza, kila mwakilishi awe na orodha ya watu wake kwa majina, na kabla ya jambo zito kuamuliwa, kila jina liwe na jibu mbele yake: ameafiki, amekataa, au hajapatikana. Aliyeandikwa "hajapatikana" asihesabiwe kuwa ameafiki. La pili, baada ya kila kikao na wakuu wa chuo, arudi kwa wale wale aliowauliza awaambie kilichosemwa, hata kama jibu ni hapana.

Ewe Mwenyezi Mungu, tupe viongozi wanaotujua, na utujaalie tuwe watu wanaosema kweli wanapoulizwa. Wafanyie wepesi wenzetu wanaohangaika peke yao na tafiti zao, na usituache tukawasahau. Utulinde na kiti kitakachotuaibisha mbele yako, na utusamehe sisi, wazazi wetu na walimu wetu. Amin.