NI NANI ALIYEIFUNGUA NJIA?

Katika jimbo la Montana, nchi ya Marekani, iko barabara ya urefu wa kilomita 80 hivi ikatayo milima ya hifadhi ya Glacier. Yaitwa Going-to-the-Sun Road, na ilifunguliwa yote mwaka 1933. Kilele chake, Logan Pass, kimezidi mita 2,000. Siku za baridi theluji huifunika, na karibu na kilele pana mahali ambapo kina chake huweza kuzidi mita 20. Kuizoa huanza kiasi cha mwezi wa Aprili, na mara nyingi motokaa hazifiki kileleni ila mwisho wa Juni au Julai. Kabla ya hapo, watu huvuka malango kwa baiskeli, wakapanda mpaka pale waruhusiwapo, wakitazama majabali na maporomoko ya maji pasipo moshi wala kelele za injini.

Furaha yao hatuioni kuwa ni dhambi. Qur'ani imetuhimiza kuzitazama alama za Mola katika ardhi yake, na mwili wenye nguvu ni neema. Lakini hapa pana suala litupasalo hata sisi tusioijua theluji: je, aliyepanda kwa jasho lake aweza kusema, "Nimefika kwa nguvu zangu peke yangu"?

Twaona kwamba hawezi. Miguu ni yake, lakini njia amefunguliwa. Wametangulia mbele yake watu wazoao theluji ukingoni mwa magenge. Mwaka 1953 poromoko la theluji liliwaua wawili wao wakiwa kazini.

Huenda mtu akasema: "Hao wamelipwa ujira, basi deni limekwisha." Twamjibu ya kuwa ujira hulipa kazi, haulipi shukrani. Lau ungelipa vyote, mwanafunzi aliyetoa ada asingekuwa na haki ya kumtendea mwalimu wake. Tena Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa asiyewashukuru watu hakumshukuru Mungu, na kwamba kuondoa udhia njiani ni katika tanzu za imani. Basi mpandaji ana starehe ya halali. Mzoaji, akinuia kheri, ana tendo la imani. Ni yupi aliye bora?

Ikiwa ndivyo, natuzitazame nafsi zetu. Twaenda msikitini kwa vichochoro vilivyofagiwa, twakuta birika limejaa maji, kisha twajihesabu kuwa tumefika kwa uchaji wetu. Aliyefagia hatumsalimu, na akija kuposa, twamwuliza kwanza kazi yake na nasaba yake. Hiyo si dini, ndugu zetu. Ni kiburi tulichokirithi tukakivisha kanzu ya dini.

Kesho asubuhi tutakapompita mwenye ufagio, na tuanze sisi kutoa salamu.